Mwano Nilioupiga kwa Mtu Aliyetengwa

Siku yangu ya kwanza kama mtendaji wa kata, Afisa Tarafa alinikabidhi muhuri na kuniambia, "Mama, sheria unayo wewe, jeshi wanalo sungusungu. Usigombane nao." Nikacheka. Ushamba huo!

Sungusungu, kwa msiowajua, ni walinzi wa jadi. Wezi wa ng'ombe waliwakoma, sikatai. Tatizo lilianza kamanda wao alipoanza kuhubiri kwamba serikali ni mgeni tu. Ilipokuja amri ya kuvisha ng'ombe hereni za utambulisho, akatangaza mkutanoni: "Leo hereni, kesho wanakuja kuchukua ng'ombe wenyewe. Atakayekubali, tunamtenga." Kutengwa ni kutosalimiwa, kutopewa hata moto wa kuwashia jiko. Nikasimama kuwasomea waraka. Akanikatiza, "Waraka wako haukamati mwizi, mama."

Baba Masanja, mfugaji mpole, alitii serikali. Akatengwa siku hiyo hiyo.

Masika yakaingia. Asubuhi moja akaja ofisini anahema, matope hadi magotini. Mkewe alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Gari la wagonjwa lingeishia barabarani. Mbuga ilishajaa maji, ilibidi abebwe kitandani na wanaume wa kupokezana. Majirani walikuwa wamegoma. Hasira zilinipanda, jamani! Nikaenda kwake, nikasimama uani, nikapiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kila mwanamume lazima alikimbilie.

Walifika na pinde na mishale. Kamanda akauliza, "Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi. Kuna mama anakufa humo ndani."

"Mtengwa hapigiwi mwano."

"Nimepiga mimi. Mimi mmenitenga?"

Wenzake wakamtazama. Mwishowe akasema, "Mbebeni," na kitanda akakishika mwenyewe. Barabarani, mgonjwa alipokwisha kupakiwa, akanigeukia: "Sasa na wewe tumekutenga."

Nikakaa hivyo mpaka nastaafu mwaka uliofuata. Wakubwa walinipongeza kwa simu. Dukani nilihudumiwa kimyakimya. Mtendaji kijana yeyote akiniuliza kama ningerudia, namjibu ningerudia. Lakini iliniuma, sifichi.

Baba Masanja alishaomba radhi na kurudishwa kundini. Siku ninayoondoka, nikisubiri basi, mkewe akaja na mtoto mgongoni. Kamanda alikuwa amekaa pale pale kwa fundi cherehani. Mama yule akapiga goti mbele yangu, akasema kwa sauti ya sokoni, "Mwangaluka, mayu!" Ndiyo salamu ya asubuhi kwa Kisukuma. Nikaitikia, huku nalia.