Kiti cha Wafiwa

Siku ile kaka yangu Magesa alipoomba ashtakiwe naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Uhuru tulikuwa tumeupata juzi juzi tu. Yeye alikuwa ametoka Kongo, alikokodiwa na kampuni ya Wazungu kulinda migodi, na baadaye kupigana. Redio iliwaita mamluki. Sisi wa kijijini kwetu Kibara tulimwita Magesa, na buti zake tulizionea wivu.

Kumbe mwenyewe chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Huko alimpiga risasi mwanamke aliyekuwa akichota maji.

Kwetu, aliyemwaga damu ya mtu haruhusiwi kula chungu kimoja na wenzake mpaka ndugu wa marehemu waje, wakae kwenye kiti chao mbele ya wazee, waseme uchungu wao wote naye akiwasikiliza. Wakiridhika, anachinjwa mbuzi, mnakula pamoja, basi.

Wazee wakakaa, kiti kikawekwa. Mzee Mafuru, baba yetu mdogo aliyekuwa msemaji wa baraza, akamwuliza, "Huyo mama ni wa ukoo gani?"

"Sijui, baba."

"Jina lake?"

"Sijui. Tulikuwaga tunapita tu."

"Sasa tumwite nani?"

Mimi na ujana wangu sikuvumilia. Nilitoka walikokaa akina mama, nikaenda kukikalia kile kiti. Nikasema, "Mimi nakaa badala yao. Nimemsamehe. Chinjeni mbuzi."

Wengine waliguna. Wengine, naamini, walitamani iwe hivyo. Mzee Mafuru hakunifokea.

"Binti yangu, toka hapo. Hicho kiti kina wenyewe. Wewe unamsamehe kwa sababu unampenda. Huyo mama naye ana waliompenda, na hawajui hata pa kuja kulia."

Nikanyanyuka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Magesa akaenda polisi Musoma. Wakamwambia kosa halikutendwa hapa. Na huko Kongo, mkataba ulisema askari wa kampuni hashtakiwi na mtu; kampuni yenyewe ilishafunga ofisi, wakubwa wake wamerudi kwao. Mtu anazunguka kutafuta wa kumhukumu! Umewahi kusikia? Hakumpata.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa alijichagulia nyumba ya mwisho. Pamba tulilima naye bega kwa bega, lakini wenzake walipouzunguka ugali, yeye alichukua sahani yake akaenda kukaa peke yake. Hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nautazama mgongo wake, roho inaniuma. Hata siku ya harusi yangu alikula nyuma ya nyumba. Alikufa hivyo hivyo. Sahani yake ninayo, hakuna anayeitumia.

Sasa nasikia kampuni zinatafuta tena vijana wa kwenda kushika bunduki kwenye vita vya watu. Wakikutajia mshahara, mwanangu, waulize: nikimkosea mtu huko, mama yake atanishtaki wapi? Wakikujibu usijali, hakuna wa kukushtaki, geuka urudi nyumbani. Usidhani hiyo ni nafuu. Mimi niliiona nafuu hiyo ikila peke yake miaka yote.

Mungu akupe kazi yenye heshima. Na siku ukimkosea mtu, maana utamkosea tu, awe anaujua mlango wako, aje abishe hodi, umfungulie. Kisha ule na watu, mwanangu, hadi uzee wako.