Karatasi Aliyoichana Wifi

Wifi yangu hajawahi kudaiwa na mtu. Nasema hivyo mimi niliyeolewa na kaka yake, na mawifi hatusifiani bure. Ni fundi cherehani. Alikuwa na chumba cha kupanga kando ya barabara, chenye meza ya kukatia iliyoungua pembeni kwa pasi. Kila nguo iliyoingia humo ilibandikwa kwa pini kikaratasi: jina, vipimo, kilicholipwa, kilichobaki. Siku ukiichukua na kumalizia pesa yake, alikichana kikaratasi mbele ya macho yako. "Tumemalizana," akasema. Miaka kumi na minane alichana hivyo, wala hakugombana na mteja kwa hilo. Kwa kuchelewesha nguo, hapo sawa, waligombana sana. Fundi ni fundi, jamani, njoo kesho haziishi.

Miaka miwili iliyopita alichukua dukani mashine ya kudarizi. Kampuni ya mikopo ilimlipa muuzaji, naye wifi awe anailipa kampuni kila mwezi. Mashine yenyewe mbovu! Ikatafuna uzi, ikavunja sindano, siku ya nne ikanyamaza kabisa. Tukaipakia kwenye mkokoteni, mimi na yeye, tukairudisha. Muuzaji hakubisha. Akaandika kwamba ameipokea mashine na mkopo umefutwa, akagonga muhuri. Wifi akaisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaichana vipande vinne, muuzaji akitazama.

"Tumemalizana," akasema.

Na mimi mjinga nikapiga makofi! Nikamwambia, "Hapo umenikosha, wifi. Mwanamke msimamo." Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Muuzaji hakuiambia kampuni lolote. Kampuni ikapiga simu mara mbili tatu, wifi akawajibu kwamba mashine ilirudi dukani. Simu zikakoma, akadhani wameelewa. Kumbe wenzake waliacha kupiga, wakaanza kuandika.

Mwaka huu mwenye nyumba akataka kukiuza kile chumba. Kwa heshima akampa wifi nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa mwezi. Akiba yake ilifika nusu ya bei, nusu nyingine akaenda kuiomba benki. Binti wa pale mezani, mstaarabu kweli, akaangalia kompyuta, sura ikambadilika.

"Mama, hapa unaonekana mdaiwa sugu."

Wifi alicheka. Alidhani binti amekosea jina.

Basi tukazungushwa! Kampuni ikasema tulete karatasi ya kurudisha mashine. Dukani sasa wanauza magodoro, na muuzaji yule hakuna anayemjua. Ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ikatuambia, "Sisi tunaandika tunacholetewa. Kampuni ikirekebisha, nasi tutarekebisha." Tukarudi kampuni. Wakatupa fomu ya malalamiko, majibu baada ya siku arobaini na tano. Sisi tulibakiwa na kumi na moja.

"Mimi nilikuwepo!" nikamwambia karani wao. "Niliona kwa macho yangu mashine ikipokelewa!"

"Wewe ni nani yake?"

"Wifi yake."

Akatabasamu. Nilitamani kumrukia.

Wanasema dawa ya deni kulipa. Haya, na deni lisilokuwepo dawa yake nini? Mume wangu akamwambia dada yake alipe tu yaishe. Wifi akagoma siku tatu. "Nikilipa nimekiri," akasema, "na mimi si mwizi." Siku ya nne akachota kwenye akiba ileile ya chumba, akailipia mashine asiyokuwa nayo, pamoja na riba. Tukakimbilia benki na risiti mkononi.

Binti akasoma taratibu, kama anayeogopa maneno yenyewe. "Deni limelipwa, baada ya kushindwa kulipa kwa wakati. Hiyo itabaki hapa miaka mitano, mama. Mkopo hautapita."

"Sasa nimelipia nini, mwanangu?"

Binti akainama.

Chumba kikauzwa kwa mtu mwingine. Wifi akahamia kwetu, anashonea barazani, na ile meza ilibidi ikatwe miguu ndipo ipite mlangoni tukiiingiza ndani usiku. Wateja wengine wamepotea. Waliobaki wananung'unika, na wiki iliyopita nilijua kwa nini.

Gauni langu lilikuwa tayari. Nikamalizia pesa, nikasimama nisubiri achane kikaratasi. Hakuchana. Akakigeuza upande wa pili, akanipa kalamu.

"Andika umechukua gauni, hunidai, sikudai. Halafu tia sahihi."

"Wifi! Hata mimi?"

"Tia sahihi, wifi yangu."

Nikatia. Akakitazama, akanirudishia.

"Na namba ya kitambulisho."

Tunakula sufuria moja, mimi na yeye. Nikaingia ndani, nikachukua kitambulisho, nikaandika.