Mbunge Aliyeniaga kwa Mdomo

Jumatano, tarehe 11 Juni. Ukungu ulikaa juu ya mji mpaka saa nne, halafu likatoka jua lisilo na joto, na upepo ule wetu wa kukausha midomo. Nilishona nikiwa nimejifunga kitenge mabegani.

Leo nimetoka kwenye kiti cha Spika, na aliyeleta hoja ya kunitoa ni mwenzangu wa cherehani ya pili, ambaye tukikanyaga mashine goti lake linagusa langu.

Nieleze vizuri, maana wanangu wakija kusoma watadhani mama yao alikuwa Dodoma. Ni mchezo wa simu. Kila mtu anaanzisha nchi yake mtandaoni, anaipa bendera na sheria, na kila siku mchezo unamuuliza jambo: upandishe kodi au ushushe, ujenge barabara au zahanati. Mwenzangu ndiye aliyenifundisha, hapo barazani tunaposhonea, mtaa wa Mazwi, msimu ambao sare za shule zilikuwa hazina wateja. Yeye ana kidato cha nne, mimi darasa la saba, kwa hiyo Kiingereza cha mchezo alikuwa ananisomea. Baadaye wachezaji kumi wa huku Rukwa tukaunganisha nchi zetu, tukafungua grupu la simu tukaliita bunge, kwa Kiswahili, la kututungia sheria za pamoja. Wakanichagua Spika. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu sipendelei mtu, au kwa sababu nchi yangu ilikuwa maskini kuliko zote na haimtishi yeyote.

Kanuni moja niliitunga mwenyewe na niliipenda: mbunge akikaa kimya siku kumi bila ruhusa ya Spika, anapoteza kiti. Kulikuwa na wawili waliokuwa wakitokea siku ya kura tu, kama watu wanaokuja msibani wakati wa chakula.

Sasa, mwisho wa mwezi uliopita mbunge wetu mmoja, baba wa watu mwenye bodaboda, alisimamisha pikipiki mbele ya baraza. Hata hakuzima injini.

"Mama Spika, shikamoo. Nashuka bondeni, Mtowisa, kuvuna mpunga wa mama. Shambani kule mtandao mpaka upande juu ya kichuguu."

"Marahaba. Nenda salama. Usitusahau kwa mchele."

"Nikikusahau wewe si utanifukuza bungeni!"

Tulicheka wote watatu, mwenzangu akiwa kwenye mashine yake. Akaondoka.

Juzi Jumatatu nikafungua daftari langu la mahudhurio. Siku kumi zimepita, hana hata neno moja. Nikapekua grupu kwenda juu, hakuna ombi la ruhusa. Alipo nilipajua. Lakini nikajiambia: ukimwachia huyu kwa kuwa alikupitia barazani, yule mbunge wa Kasesya ambaye hujawahi kumwona kwa macho utamwambia nini siku akikosa? Nikaandika kwamba kiti kiko wazi. Usiku ule nililala vizuri, nikijiona mtu wa haki.

Leo saa tano simu ikalia kwenye droo ya cherehani. Hoja ya kutokuwa na imani na Spika. Nilisoma mara mbili, nikidhani nimesoma vibaya, maana huwa nasoma vibaya. Mleta hoja: nchi ya mwenzangu. Nikamtazama. Alikuwa ameinamia kola ya shati, simu iko pajani chini ya kitambaa. Hakuinua uso.

Tuna utaratibu wetu sisi wawili, ya bungeni hayasemwi barazani, tusije tukagombana mbele ya wateja. Basi hatukusemezana. Aliandika:

"Mheshimiwa Spika, mbunge huyu aliaga. Alikuaga mbele yangu, ukamjibu aende salama. Kwetu mtu akikuaga ukamwitikia, umemruhusu. Au siku hizi mtu akienda kwao anaacha barua mlangoni?"

Miguu iliendelea kukanyaga yenyewe, nikaja kushtuka nimeshona mfuko wa suruali ya mtu nimeuziba mdomo.

Nikajibu kwamba ruhusa hutolewa kwenye grupu, wote waione. Wa Kasesya akanitetea: "Spika yuko sahihi. Mimi niko mpakani, nitamuaga kwa mdomo upi? Nipige filimbi?"

"Wewe ungempigia simu," mwingine akamjibu. "Au honi za malori zimekuziba masikio?"

Wa tatu akaandika: "Kanuni isiyojua kuaga imetungwa na mtu asiye na ndugu."

Hiyo iliniingia. Kanuni nilitunga mimi, na ndugu ninao tele.

Sitaki kumwonea mwenzangu. Hakusema uongo hata neno moja. Hata ule utani wangu wa mchele aliuacha, na angetaka angeugeuza kuwa nilikuwa naomba hongo.

Kura zikapigwa. Nilihesabu kwa chaki kwenye meza ya cherehani. Wanne nitoke, wanne nibaki. Na kwa kanuni zetu, kura zikilingana anaamua Spika.

Mashine ya pili ikasimama.

Ningeweza kujibakisha, na kanuni iko upande wangu. Na niseme ukweli, kiti kile nilikipenda. Kwingine kote mimi ni fundi, au mama fulani. Kule tu ndiko watu wenye vyeti walikuwa wananiomba nafasi ya kusema. Lakini nikajiuliza, nilipomwambia yule baba nenda salama, nilimaanisha nini? Nilimaanisha nenda. Nimetafuta maana nyingine, sikuipata. Nilimruhusu, halafu nikamhukumu kama vile sikumruhusu.

Nikaandika: "Aliniaga, nami nilimruhusu. Kiti chake arudishiwe. Kura ya Spika: Spika atoke."

"Haiwezekani!" akaandika wa Kasesya. "Mtu anajiondoa mwenyewe?"

Mwenzangu aliinuka kwenye kigoda chake, kitambaa kikaanguka chini.

"Dada! Umefanya nini?"

"Si ulitaka nitoke?"

"Nilitaka ukubali kwamba aliaga. Basi. Nilijua kura yako utajipa."

"Ungeniambia hapa. Tumekaa pamoja tangu asubuhi."

"Hapa ungenijibu ya bungeni hayasemwi barazani."

Ni kweli, ningemjibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Sijui kipi kimenishtua zaidi leo, kuondoka kwenye kiti, au kuona kwamba mtu ninayegusana naye goti alilazimika kuniandikia hoja ili nimsikie.

Wamemteua yeye kukaimu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, na nilimpigia kura mimi wa kwanza.

Nyumbani nilipowasimulia, mume wangu aliuliza, "Yaani umejifukuza kazi isiyo na mshahara?" Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Tumekula ugali wa ulezi, maharage, na dagaa kidogo wa kukaanga. Nimekula tonge tatu, nyingine wamenimalizia.