Bakuli la Alois, Sinia ya Wenzake

Saa moja asubuhi, kijijini Kwihara, Alois Sixbert ameketi uani kwa mzee Masolwa akisokota kamba ya magome. Kamba hizi ni za kushushia asali kutoka juu ya miti. Leo wanaume wanaondoka kwenda dago, kambi yao ya kurina asali msituni. Alois, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, hajui kama atakuwa mmoja wao. Ana kifafa tangu ujana.

"Mimi nasokota tu," anasema. "Wakiniacha, kamba itakwenda."

Dago alilijua akiwa na marehemu baba yake. Anakumbuka harufu ya nta, na nyimbo za wapagazi wa misafara ya zamani, ambazo wazee waliimba wakirudi na asali kichwani. Zaidi anakumbuka sinia. Kwa desturi yao, wanaokula ugali sinia moja asubuhi ya safari ndio wanaolala kambi moja.

Miaka tisa iliyopita alianguka huko msituni. Wenzake walikimbia wote, wakiamini povu la mgonjwa huambukiza. Jioni walirudi kwa aibu. Kesho yake ugali wake uliwekwa kando.

"Hakuna aliyenitukana," anasema. "Walinipa bakuli langu tu."

Msimu uliofuata hakuitwa. Hata nyumbani alitengewa bakuli lake, na ndugu waliwakataza watoto kuligusa. Akawa anaanguka hadi mara tatu kwa wiki.

"Nilikuwa nikiona watu wananitazama, wanasubiri nianguke, moyo unakwenda mbio. Usiku silali. Kukicha, naanguka."

Mkewe, Koleta, alimpeleka kliniki Tabora mjini.

"Daktari akaniuliza nakula na nani," Alois anacheka. "Mimi nimempelekea kichwa, yeye anauliza bakuli."

Daktari aliwaeleza kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, na dawa ni za kila siku. Lakini hofu na upweke humnyima mtu usingizi, na ubongo wa mwenye kifafa ukikosa usingizi hushtuka upesi. Namna watu wanavyoishi naye humfikia hadi ndani ya kichwa.

Siku hiyohiyo Koleta aliligeuza lile bakuli kuwa la maji ya kuku. Tangu hapo familia husali pamoja, kisha hula pamoja. Alois anameza dawa bila kuruka. Kwa neema ya Mungu, hajaanguka tangu Kwaresima.

Sinia inaletwa. Wanaume wananawa. Alois bado anasokota.

"Alois," mzee Masolwa anamwita, "unasubiri tukulishe?"

"Nanawa, mzee."

Tobias, aliyekuwa wa kwanza kukimbia mwaka ule, anasogea kumpa nafasi. "Kaa hapa. Ila ukianguka, usiangukie nyama."

Wanacheka. Alois anawazidi wote kwa kicheko.

Hatapanda mti wala kukaa karibu na moto. Atapokea ndoo chini na kukamua masega. Koleta amekwisha kuwaeleza wote maneno ya daktari, na kumwelekeza Tobias: Alois akianguka, amlaze kwa ubavu, asimtie kitu mdomoni, abaki naye.

Alois anamega tonge.

"Kule Bukene kuna binti wa shemeji yangu, Asnath. Ana ugonjwa kama wangu, naye ana bakuli lake," anasema. "Tukirudi, nitampelekea asali. Nitakula naye hukohuko, mbele ya watu wa kwao."