Kikapu Kilichozunguka Kushoto

Harufu ya ukindu uliochemshwa na magome ya miti bado inanirudisha kwenye kibanda cha Mama Salma, pale mtaani kwetu Utemini, upande wa kuelekea ziwani. Wageni waliokuja kutazama ziwa walipita hapo kununua vikapu, nyungo na vibuyu vya maziwa. Mimi nilikuwa darasa la nne, na kila Jumamosi nilifika bila nia ya kununua. Nilimwamkia Mama Salma, kisha nikaanza kugeuza vikapu kimoja kimoja nikitazama vitako. “We Neema,” alinitania, “unavikagua kama daktari wa mifugo!” Nilicheka kidogo, nikageuza kingine.

Nilikuwa natafuta mkono wa mama. Baba alipofariki, mama aliolewa tena kijiji cha mbali, Kintinku, nami nikabaki kwa shangazi. Mama alikuwa msukaji wa vikapu, na anatumia mkono wa kushoto. Vikapu vya wengine huanzia katikati ya kitako na kuzunguka kuelekea kulia. Vyake huzunguka kuelekea kushoto. Siku moja lilishushwa gunia la vikapu kutoka Kintinku, na ndani yake nikakuta kimoja kinachozunguka hivyo. Nilikisogeza nyuma kabisa, chini ya nyungo, wageni wasikione. Kilikaa pale majuma kadhaa. Kila Jumamosi niliingiza mkono ndani yake, nikapapasa mishono polepole, kisha nikarudi nyumbani kuteka maji. Sikumwambia mtu.

Kiangazi kilipofika alikuja dada mmoja kutoka Dar, amevaa miwani ya jua, akavikataa vikapu vyote. “Vinafanana mno, mama.”

Mama Salma akakumbuka. “Kuna kimoja kimesukwa kinyume. Aliyekisuka anatumia kushoto.”

“Ndicho hicho! Wenzangu hawatakuwa nacho.”

“Neema, mwanangu, hebu kitafute. Wewe ndiye unayevijua.”

Ningeweza kusema sikioni. Ningeweza kusema ni cha mama yangu, na Mama Salma, nilivyomjua, angenipa. Lakini mkubwa alikuwa amenituma, na mgeni amesimama ananisubiri. Nikaondoa nyungo, nikakifuta vumbi kwa gauni langu, nikampa kwa mikono miwili. “Asante, mtoto mzuri,” alisema, akatia chupa yake ya maji ndani, akaondoka. Magunia mengine kutoka Kintinku yalikuja baadaye. Vikapu vyote vilizunguka kulia.

Siku hizi nina simu, na sauti ya mama naipata nikiitaka, jambo ambalo utotoni sikuwa nalo. Ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Ananiambia kama mvua imenyesha, kisha salio linakwisha. Sijawahi kumuuliza kama bado anasuka, wala kumwambia kwamba kikapu chake nilikitoa mimi mwenyewe. Ila nikipita penye vikapu, bado nageuza vitako.

“Unatafuta kasoro gani, dada?” wauzaji wananiuliza.

Nawajibu hakuna, nakirudisha kikapu mahali pake.