Msimshike, Mtukaneni

Mwaka ule baada ya vita vya pili vya dunia kwisha, daktari mmoja Mzungu wa kisiwani alimpima nyanya yangu kwa maswali. Mimi, kijana wa sekondari niliyekwisha kujiona profesa, ndiye niliyetafsiri. Daktari akauliza mfalme ni nani.

"Kama yeye hamjui mfalme wake," nyanya akasema, "mimi wa ng'ambo, Mtongwe, nitamjuaje?"

Daktari hakucheka. Alisema ni maradhi ya kusahau, yatazidi, na dawa hakuna.

Nyumbani sote tukawa wapole ghafla. Tulimsemesha kama mtoto mchanga, naye akazidi kunyamaza. Kila alasiri alitoroka kwenda kivukoni kumngoja babu, aliyekufa zamani. Ukimshika mkono anang'ata. Baba alikuwa na alama. Mama, kwa kuogopa maji, akanunua kufuli la kumfungia ndani, akalia siku nzima kabla ya kulitumia.

Ndipo akaingia mtani wa nyanya, bibi mmoja muuza kashata. Kwetu mtani hukutukana hata msibani, nawe huruhusiwi kununa. Unaruhusiwa kujibu tu. Tulikuwa tumemkataza asimtanie mgonjwa. Siku hiyo hata hodi hakupiga.

"Hee! Kizee hiki hakijafa tu?"

Nyanya akainua kichwa. "Nife kabla sijakuzika, kibogoyo wewe?"

Jina la mtani lilikuwa limemtoka akilini. Jibu lilikuwepo, tena kali. Mimi na shahada nilizopata baadaye sijawahi kujibu hivyo hata kwa maandishi.

"Mwasikia?" mtani akatugeukia. "Akipita, msimshike. Mtukaneni. Hawezi kupita bila kujibu."

Basi mama akaliweka kufuli, na mtaa mzima ukawa watani. Fundi cherehani alimtukana, wateka maji wakamtukana, na kila aliposimama kujibu, sisi tulipata nafasi ya kumfikia. Alirudi nyumbani amechangamka kama bibi harusi.

Aliyekataa ni maalim wa chuo cha Kurani, jirani wa mwisho kabla ya kivuko. "Shikamoo, bibi," alisema kwa adabu zake. Nyanya akaitikia marahaba, akapita. Tulimkuta maji yamemfika magotini, na mama akalitoa tena lile kufuli.

Kesho yake nyanya aliponyoka kabla halijafungwa; maalim alipomwona akatazama huku na huku, akakohoa.

"Ewe bibi... una... una kichwa kikubwa."

Nyanya akasimama. Akamtazama kwa huruma.

"Maskini, hajui. Sogea nikufundishe."

Mama alipofika, nyanya alikuwa ameketi barazani kwa maalim, na maalim, mwanafunzi wake, bado yumo darasani. Kufuli likaenda kwenye banda la kuku.