Nyumba Iliyopumua

Mimi ndiye niliyewahubiria mafundi hapa Mahajanga kwamba nyumba hii kongwe isiguswe na saruji, ipakwe chokaa tu, ili kuta zipumue. Asubuhi moja, nikiwa peke yangu ndani, nikasikia kitu kikipumua kweli ndani ya pipa lililokuwa pembeni. Nikakimbilia kwa mama, jirani tu, nikarudi na bakuli la kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikayamwaga humo. Pipa likanguruma na kufuka moshi. Nikatoka na kiatu kimoja, nikipiga kelele kwamba jini amekasirika. Mtaa ukajaa mlangoni. Fundi Saidi akachungulia pipani, kisha akalitazama bakuli mkononi mwangu.

"Bwana msimamizi, hiyo ni chokaa. Nimeitia maji nikaenda kunywa kahawa. Hujawahi kuiona ikichemka?"